Jogoo wa Kwenye Kihenge

Kumficha mbuzi si kazi. Unamfunga nyuma ya nyumba, unamtupia majani, anatafuna na kunyamaza. Ng'ombe naye unampeleka kwa shemeji kijiji cha pili, basi, yamekwisha. Lakini mimi niliwahi kumficha jogoo, tena kwa zaidi ya mwaka, na nawaambieni sijaona kiumbe asiyejua kutunza siri kama jogoo. Anakula mtama wako, analala ndani kwako, halafu alfajiri anawatangazia watu wote mahali alipo.

Hakuwa wangu. Alikuwa wa bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Bibi hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita mke mwenzangu, kwa sababu babu enzi za uhai wake aliniita mke mdogo na kunimegea nyama yake huku bibi anaangalia. "Wewe ndiye uliyenimalizia mume," alikuwa akiniambia, na mimi namjibu kwamba mume mwenyewe nilimkuta amezeeka, hata sikumfaidi. Ndivyo tulivyoishi, pembeni kidogo ya Mtinko, huko Singida, yeye kwenye nyumba yake ya tembe yenye mlango wa kuinama, mimi kwenye chumba cha bati kilicho jirani nayo, na cherehani yangu barazani.

Kuku wake walikuwa wa kila namna. Kulikuwa na vishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Kulikuwa na kibutu asiye na mkia, ambaye kwa nyuma alionekana kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kulikuwa na mmoja mwenye manyoya yaliyojikunja kuelekea mbele, kana kwamba maisha yake yote alitembea kinyumenyume kwenye upepo. Weusi tii, wekundu, wa madoa kama kanga, wote humo humo uani. Bibi alisema wote walitokana na tetea na jogoo aliokuja nao kuolewa. Mama yake aliwafunga kwenye kikapu akamtwisha, na bibi akatembea nao kwa miguu hadi kwa babu. Alipokuwa akisimulia habari hiyo alikuwa anaongea taratibu, hana utani, na bibi yangu kukosa utani lilikuwa jambo la kutisha.

Kuku wale walikuwa na akili, acheni mchezo. Mwewe alipotokea juu, tetea alitoa sauti fulani ya chini, fupi, na vifaranga vyote vilikuwa vimeshazama kwenye uzio wa minyaa kabla mimi sijainua kichwa. Bibi alizidi kuvilinda kwa kuvipaka rangi ya zambarau, ile ya kutilia mikeka, ili mwewe avione na kujiuliza hiki ni kitu gani. Uani kwetu mwewe alikuwa anazunguka na kuondoka, amekasirika.

Ndipo ukaja mradi.

Sitataja ulikotoka, na wala haukuja kwa ubaya. Bwana mifugo aliyeuleta alikuwa kijana mpole, mwenye shikamoo za kutosha, na alituitia mkutano akiwa amebeba jogoo wa kisasa kwenye boksi. Alipomtoa na kumsimamisha mezani watu walipiga makofi. Jogoo mweupe, mapaja kama ya mbuzi, kilemba chekundu kimelala upande mmoja, anatuangalia kama mgeni rasmi anayesubiri kukaribishwa. Bwana mifugo akaeleza kwamba kila kaya itapewa jogoo kama yule bure, na matetea wetu watazaa kuku wakubwa na kutaga kila siku. Sharti lilikuwa moja tu. Majogoo wetu wa kienyeji waondoke wote. Akibaki hata mmoja anarukaruka mitaani, mbegu itachafuka na kazi yote imekwenda bure.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa makoti hata jua likiwa la kuchoma, akaongeza la kwake. Akasema hadi mwisho wa wiki kila mtu awe ameshamla au kumuuza jogoo wake, na atakayekutwa naye baada ya hapo, jogoo huyo atakuwa mboga ya wajumbe. Kisha akataka wanaokubali wanyooshe mikono.

Bibi yangu alikuwa wa kwanza. Tena alinyoosha yote miwili.

Nilishangaa. Tulipokuwa njiani kurudi nikamuuliza, "Bibi, kweli umekubali?"

"Nimekubali."

"Na jogoo?"

"Nimekubali wao waondoe wa kwao," akasema, na akaendelea kutembea na fimbo yake.

Wiki ile kijiji kizima kilinukia mchuzi. Hakuna aliyekula mlenda. Watu waliokuwa wakingoja Krismasi au Idi ndipo waonje kuku walikuwa wanatembea na vijiti vya meno. Na sisi, ili tusitiliwe shaka, bibi aliniagiza nichome manyoya machache nyuma ya nyumba na nimwage supu ya maharage karibu na njia. Jioni yake jirani yetu, mama mmoja mwenye masikio ya sungura, alipita akasema, "Naona na ninyi leo mmekula vizuri." Bibi akamjibu, "Tumekula kwa machungu, mwanangu."

Jogoo alikuwa ndani ya kihenge. Bibi alikuwa na kihenge kikubwa cha kuhifadhia mtama, kimesimama kwenye chumba cha giza cha tembe, na mwaka ule kilikuwa nusu tupu. Alikuwa jogoo kishingo, mwekundu, na shingo yake tupu ilikuwa nyekundu kuliko manyoya yenyewe. Hakuwa mzuri. Lakini bibi alipomwangalia ungedhani anaangalia picha ya harusi.

Tatizo, kama nilivyosema, ni kuwika. Jogoo akitaka kuwika hunyoosha shingo juu, asipopata nafasi ya kuinyoosha anabaki kukoroma tu. Kwa hiyo kila siku kabla ya kulala tulimhamishia chini, tukamfunika kwa tenga fupi na juu yake tukaweka jiwe. Alfajiri unamsikia humo ndani anajaribu, koo linakwaruza kama mzee anayetafuta kikohozi. Siku nyingi ilitosha. Siku nyingine alipata upenyo, sijui alilala ubavu, akawika mara moja kwa kirefu kabisa, na mimi roho inanipaa kitandani.

Haikuchukua muda, mama wa masikio akaja. "Mke wa mzee," akaniambia, maana na yeye alinitania hivyo, "mbona alfajiri nasikia kama jogoo wa kienyeji kwenu?"

Nikamjibu palepale bila kufikiri, "Ni simu yangu. Nimeweka mlio wa jogoo wa kuniamsha."

Basi nikalazimika kuuweka kweli. Nilimwendea kijana anayetia nyimbo kwenye simu hapo Mtinko, akanitafutia jogoo anayewika vizuri. Tangu siku hiyo kila mteja akinipigia kuhusu gauni lake, mfuko wangu unawika. Sokoni walinicheka. Kanisani ilipowika katikati ya mahubiri, mchungaji alitaja habari za Petro kumkana Yesu palepale, na watu wakageuka kuniangalia. Nilivumilia. Nilimwambia bibi jogoo wake ananimalizia heshima, akanijibu kwamba kama ningekuwa nayo angekuwa ameshaiona.

Siku moja saa nne asubuhi mwenyekiti na bwana mifugo wakaja kukagua. Walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba. Tukawapa vigoda, wakamsalimu bibi shikamoo, bibi akaitika marahaba kwa upole ambao mimi niliujua na kuuogopa. Jogoo mweupe wa mradi alikuwa pale uani amelala kivulini, anahema kwa joto. Bwana mifugo akamsifia, bibi akasema ni kweli, anakula vizuri sana, hasa kula.

Mara simu yangu ikaita. Mteja. Jogoo wa simu akawika mfukoni mwangu, sauti safi, na kabla sijaikata, kutoka ndani ya tembe yule wa kihenge akajibu.

Alijibu kwa nguvu zote. Aliona amechokozwa.

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Bwana mifugo akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Mwenyekiti akamwangalia bibi. Bibi, bila hata kushtuka, akainuka akishika kiuno, akasema, "Na yangu nayo inaita. Leo mtandao umerudi." Akainama, akaingia ndani. Tukamsikia, "Haloo? Haloo! Eeh, tuko salama," halafu akaendelea kwa Kinyaturu, anauliza habari za wagonjwa, anacheka, anatuma salamu kwa watu waliokwisha kufa zamani.

Lilikuwa igizo zuri sana. Kasoro yake ni moja. Bibi alikuwa na kisimu cha tochi, na kisimu chenyewe alikivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, saa zote, mchana na usiku. Kilikuwa kinaning'inia kifuani pake wakati anainuka mbele ya wageni kwenda kukipokea ndani.

Bwana mifugo hakuona, alikuwa anahangaika na inzi. Mwenyekiti aliona. Nilimwona akikifuata kile kisimu kwa macho kutoka kigodani hadi mlangoni. Nikasubiri aseme. Akakohoa, akavuta koti lake, akasema, "Twende nyumba ya pili, hapa ni pazuri." Sikumwelewa. Nilidhani amemwonea huruma bibi.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: mwanzoni mradi ulitoa mayai. Matetea waliozaliwa kwa wale majogoo weupe walitaga mfululizo, na watoto kijijini walinenepa. Lakini ukitembea uani mwa watu ulikuwa unaona kuku wale wale. Weupe wenye madoa ya kahawia, wote sawa, kama wanafunzi wamepanga mstari. Vibutu waliisha. Yule wa manyoya ya kujikunja alizaa watoto wa manyoya yaliyonyooka. Nilipokuwa mdogo ningeweza kukuambia kuku huyu ni wa nani kwa kumwangalia tu, sasa watu wakaanza kugombana na kuwafunga vitambaa miguuni ili wawatambue. Mimi nilikuwa nagawa vipande vya vitambaa hadi vikaniishia. Nilihuzunika, nasema kweli. Niliona kama kijiji kimepoteza sura yake na hakuna aliyeomba ruhusa.

Halafu likaja la kuatamia. Wale matetea wapya walitaga yai, wakasimama, wakaondoka zao. Yai si lao. Unamkalisha, anakuangalia, anaondoka. Vifaranga vilitakiwa vitoke kwenye mashine iliyokuwa kule kwenye kata, na mashine ikaharibika, na fundi wake alikuwa anakuja kesho, kila siku anakuja kesho. Na vichache vilivyoanguliwa vilikuwa vinasimama katikati ya uwanja vikimkodolea macho mwewe kama watu wanaoangalia ndege ya rais. Mwaka ule mwewe alinenepa hadi akawa anaruka kwa shida.

Ndipo siku moja mwenyekiti akaja kwetu peke yake. Alikuja kwa njia ya nyuma, ya kwenye minyaa, na koti lake lilikuwa limevimba upande mmoja. Ndani ya koti kulikuwa na tetea.

"Shikamoo, mama," akamwambia bibi.

"Marahaba. Unaumwa ubavu?"

Mzee wa watu akakaa, akazunguka, akaongelea mvua, akaongelea alizeti. Mwisho akasema tetea wake huyu ni wa zamani, amebaki mmoja, bado anaatamia, na yeye angependa kupata vifaranga wenye akili. Na kwamba kama ile simu ya bibi bado iko ndani, angeomba itumike.

Bibi alimwacha ateseke kidogo. Kisha akasema, "Simu ipo. Lakini ni mtu mzima kuliko majogoo wote wa kijiji hiki, na kwetu mtu mzima anasalimiwa."

"Mama, unasema kweli au unanitania?"

"Ingia umsalimie, au rudi na tetea wako."

Nilikuwa barazani kwenye cherehani, nimeuma kitambaa ili nisicheke. Mwenyekiti wa kijiji, mwenye muhuri, aliinama mlangoni mwa tembe, akasimama mbele ya kihenge, na kwa sauti ya chini sana akasema, "Shikamoo." Bibi akaitika kwa niaba ya jogoo.

Akaapishwa asimwambie mtu. Akaapa. Wiki ile ile akaja mama wa masikio, amebeba tetea ndani ya kapu la mboga, naye akaapishwa, naye akasalimia. Kisha mwingine, kisha mwingine, kila mmoja kwa njia ya nyuma, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Sikumwona hata mmoja aliyekataa ile shikamoo. Baada ya miezi kadhaa ukipita mitaani unaona kifaranga chenye shingo tupu hapa, kingine kule, na mwenye nyumba anawahi kukuambia, kabla hujauliza, kwamba huyu alimwagikiwa maji ya moto. Au paka alimnyonyoa. Kijiji chetu kilikuwa na paka wakatili mwaka ule.

Sasa na mimi niseme langu. Katikati ya hayo yote nilikuwa nimempata mtu. Alikuwa fundi wa malori pale Shelui, alikuja Mtinko kwa ndugu yake, akaniletea ovaroli nimshonee, na ovaroli ile ilihitaji kupimwa mara nyingi kuliko kawaida. Nilimpenda. Nilikuwa nimefika umri ambao watu wanaanza kukuuliza habari zako kwa sauti ya pole, na nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, kwa hiyo nilimpenda kwa woga. Akaniambia wazee wake wanakuja kuleta posa.

Posa kwetu haipokelewi kwa soda na biskuti. Wageni wa posa wanachinjiwa jogoo, na firigisi anapewa mkubwa wao. Na mkubwa wa wale wageni alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mzee wa Iramba, ambaye sifa zake zilimtangulia. Mchumba wangu mwenyewe alinionya. Kuna nyumba mzee huyo aliwahi kupewa kuku wa kisasa, akatafuna mara moja, akaweka kipande chini, akasema tumepewa pamba, tumedharauliwa, na wakaondoka. Harusi ile haikuwepo.

Nikaenda mnadani kutafuta jogoo wa kienyeji. Hakuna. Vijiji vyote vya jirani vilikuwa vimepitiwa na mradi ule ule, na wachache waliobaki walikuwa wameshapakiwa kwenye matenga kwenda Dar es Salaam, ambako wanalilia kuku wa Singida wakati Singida yenyewe inakula pamba. Nikarudi mikono mitupu. Nikamkuta bibi anamchambulia mtama yule mtu wake wa kwenye kihenge.

"Bibi," nikasema, "wageni wanakuja keshokutwa."

"Najua. Tutawachinjia mweupe."

"Unajua mweupe hafai. Huyu hapa je?"

Akaacha kuchambua. "Huyu hachinjwi."

"Bibi, mimi na huyu, nani mjukuu wako?"

"Hachinjwi. Na posa ikivunjika kwa sababu ya kuku, haikuwa posa."

Niliumia. Sifichi, niliumia hadi nikakosa la kumtania. Nilitoka nikakaa kwenye cherehani nikalia, na nikashona mkono wa gauni la watu nje ndani. Nilimwona mwanamke mzima, bibi yangu, anathamini kiumbe chenye shingo ya kuchukiza kuliko maisha yangu. Siku mbili zile tuliongea ya lazima tu. Alinipikia uji, nikaunywa bila kusema asante. Hakuniita mke mwenzangu na mimi sikumwambia neno.

Siku ya posa mwenyekiti alikuja mapema, kwa sababu sisi hatukuwa na mwanamume wa kukaa mbele ya wageni, na bibi alimwomba awe mzee wetu. Akakaa kigodani na koti lake. Jogoo mweupe alikuwa amefungwa miguu chini ya kivuli, hana habari. Nilikuwa nimevaa gauni nililojishonea mwenyewe na moyo uko kwenye soli za miguu.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mchumba wangu, anataka kuniambia wameshateremka barabarani na wanakuja kwa miguu. Jogoo wa simu akawika. Wa kwenye kihenge, kama kawaida yake, akamjibu.

Na kutoka nyumba ya pili, kwa mama wa masikio, mwingine akajibu.

Nikasimama na simu mkononi, naogopa kuipokea isije ikanyamaza. Akajibu mmoja wa upande wa kisimani, sauti changa, bado anajifunza. Mwingine kwa fundi seremala. Mwingine kule shuleni, sijui kwa mwalimu yupi. Kila nyumba iliyokuwa na kihenge, au pipa, au nafasi chini ya kitanda, ilikuwa na mtu anayewika. Na mmoja, mwenye sauti nzito kuliko wote, alikuwa anawika nyumbani kwa mwenyekiti, anarudia, hataki kuachia.

Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mwenyekiti," bibi akamwambia kwa upole, "naona simu yako inaita. Kapokee, isije ikakatika."

Mzee akainuka, akafunga vifungo vya koti vyote, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwenye kikao. Wageni walipokuwa wanaonekana kwenye njia, yeye alirudi kwa njia ya nyuma, na chini ya kwapa, ndani ya kitenge cha mkewe, alikuwa na jogoo kishingo mwekundu, kijana, miguu imekomaa kwa kutembea.

"Nimepokea," akasema, akamkabidhi bibi bila kumwangalia usoni.

Jirani yetu Mwislamu akaitwa kuchinja ili kila mtu ale bila wasiwasi. Nikapika mimi, kwa mafuta ya alizeti na chumvi, mambo mengine sikutia, na ugali wa uwele. Nilimpelekea baba mkubwa firigisi kwa magoti. Akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, macho ameyafumba, na nyumba nzima tukawa tunatafuna naye. Mwisho akameza.

"Huyu ametembea," akasema. Akanyoosha sahani aongezewe.

Posa ikapokelewa. Hakuna aliyezungumzia zile simu. Baadaye, katika mkutano mwingine, bwana mifugo alisimama akasema wakubwa wamebadili mawazo, sasa wanataka mbegu za asili zitunzwe zisipotee kabisa, na kama kuna mtu bado ana jogoo wa kienyeji anyooshe mkono, hatafanywa kitu. Watu wakaangalia chini. Kila mtu alijua ni mtego. Bibi ndiye aliyesimama kujibu kwa niaba ya wote. "Mwanangu," akasema, "sisi tuliambiwa tuwaondoe, na sisi ni watu watiifu." Nyuma yetu, mbali kidogo, kitu kikawika. Mwenyekiti akapapasa mfuko wake, akasema samahani.

Siku ya kuondoka kwangu kwenda Shelui, begi liko mlangoni, cherehani imefungwa kamba, bibi aliniita ndani ya tembe. Niliinama nikaingia. Ile hasira ya siku ya posa nilikuwa bado nayo kidogo, kama mwiba ulioingia kisigino na kukataa kutoka. Alikuwa amekaa chini na tenga mbele yake. Ndani kulikuwa na tetea mmoja mweusi, na yule mtu wa kwenye kihenge, shingo nje, ananikodolea jicho.

"Shika," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Bibi, huyu? Na wewe utabaki na nini?"

"Mimi nina wajukuu wake kijiji kizima. Nikipiga simu tu wanaitika." Akakaza kamba ya tenga, akaikaza tena ingawa ilikuwa imekaza. "Mama yangu alinitwisha hivi hivi. Siku ile ungemla, mke mwenzangu, leo ungeondoka na nini?"

Nililia, na yeye akaniambia niache kumtisha kuku.

Nilipanda basi la kwenda Nzega, linalopita Shelui, pale Singida mjini. Kondakta alikuwa ametangaza kwamba hataki kuku ndani, kuku wote wakae chini kwenye buti na mizigo. Tenga langu nilikuwa nimeliweka miguuni, limefunikwa kitenge, juu yake nimeweka begi ili asinyooshe shingo. Tulikwenda vizuri. Tulipopita Misigiri basi likaruka shimo, begi likaanguka, na yule mzee akapata nafasi yake. Aliwika kwa kirefu kuliko siku zote nilizowahi kumsikia, na abiria wakageuka.

Kondakta akaja hadi kwenye kiti changu, akasimama. "Dada, nini hiyo?"

Nikajifuta macho. "Simu," nikamwambia. "Bibi yangu ananipigia."